Rejime ya Bila Chumvi

Kama ulipita mu Nyamianda ile dimanshi na haukusikia kama Noella atadefandre travay yake ya kumaliza shule kubwa, mbele ya maprofesa, siku ya posho, ile ya sita, basi ulipita ukiwa umelala. Alikuwa amekwisha kuambia kila mutu. Aliambia mama wa ndagala, aliambia wa-motari wa ku kona, aliambia mupishi wa paruwasi, na yule mwenye hakuuliza njo aliambiwa mara mbili. Miaka yote ile mu departema ya historia ku institi, travay ya kurasa makumi sita, na sasa siku sita tu zimebakia! Mama yake alikuwa amekwisha kukatisha kitenge kimoja kwa familia muzima, cha manjano na ndege za bluu. Kwaya ilikuwa inajifunza wimbo wa kumupokea ku mulango wa sale, ule ukumbi wa institi. Papa yake, mwenye hachekake bure, alikuwa amekwenda kuomba viti mia ku paruwasi na amerudi anacheka.

Travay yenyewe ilikuwa na kichwa kirefu sana cha Kifaransa, lakini kwa kifupi ilikuwa hivi: mu marejime yote yenye ilipitaka huku kwetu, tangu Wabeleji mpaka leo, ni gani yenye watu wa Uvira wanachukia zaidi, na juu ya nini? Noella aliona hakuna swali tamu kushinda hiyo. Alifikiri watu watalia, watapiga mesa na ngumi, watamuvuta pembeni wamuambie mambo yenye hata bibi zao wa ndoa hawajui.

Njo siku ya kwanza asubui akaingia mu biro ya CT Gracien, mwalimu mwenye alikuwa direkta wa travay yake, na fishi makumi ine za majibu ya watu mu mukono, meno yote inje.

CT Gracien alisoma fishi ya kwanza. Akasoma ya pili. Ya tatu akaiangalia tu. Kisha akaanza kuzigawa ku mesa kama mutu mwenye anagawa karata.

"Noella."

"Chef?"

"Hawa watu makumi ine, uliwapata wapi?"

"Mu Nyamianda, Chef. Mulango kwa mulango. Hata mvua ilininyeshea, viatu vyangu mpaka leo..."

"Makumi tatu na mbili wanachukia Leopold wa Pili. Sita wanachukia Wabeleji wote kwa jumla. Moja anachukia Hitler." Aliinua macho. "Hitler alifikaka Nyamianda siku gani?"

"Yule ni mwalimu wa jeografia, Chef."

"Na wa makumi ine?"

"Anasema yeye hachukii mutu. Ameokoka."

CT Gracien alitoa miwani, akajifuta macho taratibu.

"Noella, Leopold amekufa imepita miaka mia na zaidi. Hana mutoto mu kartie. Hana shemeki mwenye anakaa nyuma ya nyumba yako. Kumuchukia Leopold haiombi hata jasho! Watu walikupatia jibu yenye haiwezi kuwaletea shida, na weye ukaandika na bic, ukashukuru. Marejime yenye ilikuya nyuma yake, nani aliitaja?"

"Hakuna, Chef."

"Uniletee fishi zingine makumi ine, zenye ziko na damu ndani. Siku ya tano, saa ine ya asubui, ku mesa hii. Kama hazipo, siku ya posho haudefandre. Unarudia mwaka."

"Lakini Chef, mama amekwisha kukatisha kitenge!"

"Kitenge hakiozi."

Noella alirudi nyumbani akilia kwa sauti ya mutu mwenye anataka aulizwe, na mwenye alimuuliza alikuwa mama mudogo Generose. Huyu Generose, mudogo wa mama yake, ni muganga ku santre ya afya, mwanamuke munene, mupesi wa mikono, mwenye hapendi kuona mutu anakaa na shida kama kuna mutu mwingine wa kuipelekea.

"Juu ya ile tu njo unalia hivyo? Nilifikiri kuna mufu," akasema. "Siku ya tatu niko na watu wa tansio ya damu na watu wa sukari. Wanakaaka ku benchi tangu saa kumi na mbili, hawana kazi ingine, wanaongea tu. Leta fishi zako. Nitawauliza miye mwenyewe moja moja."

Noella alimukumbatia mpaka kofia ikaanguka. Akamupatia fishi makumi ine mupya, na swali ilikuwa ile ile yenye CT Gracien alikubali tangu mwanzo. Mbele Noella alikuwa ameandika "serkali gani unachukia zaidi", lakini direkta akaikata na alama nyekundu: ukisema serkali, watazani serkali njo imekutuma. Basi wakaweka neno ya shule, neno safi, yenye haiogopeshe mutu: Rejime gani unachukia zaidi, na juu ya nini?

Siku ya tatu ikapita Noella akichapa kurasa za mwisho na akiambia watu kama mambo imekwisha kutengenezwa. Siku ya ine, kisha ya chakula ya muchana, Generose akafika na fishi mu sashe ya dawa. Zote zimejaa! Makumi ine kamili, mwandiko wa muganga, lakini unasomeka.

Noella alikaa ku mukeka, akavuta ya kwanza.

"Rejime ya kukataza mukeke wa kukaanga. Juu inaniua roho mbele tansio haijaniua."

Akakunja uso. Kulikuwaka serkali yenye ilikatazaka samaki? Pengine ya zamani sana. Akavuta ya pili.

"Rejime ya sukari. Miye nilizaliwa na chai ya sukari, nitazikwa nayo."

Ya tatu: "Rejime ya dokta mupya. Yule wa zamani alikuwa anaturuhusu kabugali kadogo."

Ya ine: "Rejime ya bwana yangu. Chumvi walimukataza yeye, lakini nyumba muzima tunakula bila ladha kama wagonjwa."

Ya tano: "Rejime ya ndizi, ule mukungu muzima wenye nilinunua jana ku soko. Ndizi zote zilikuwa zimeoza mu kati."

Noella aliacha fishi zikaanguka. Akaangalia mama mudogo wake, mwenye alikuwa anamenya muhogo kama mutu mwenye hajaua mutu.

"Mama mudogo! Uliwauliza nini?"

"Yenye uliandika! Rejime gani unachukia."

"Rejime ya politiki, mama mudogo! Mobutu! Warebele!"

"Sasa weye uliandika politiki wapi?" Generose aliweka kisu chini. "Miye ni muganga. Kila siku ya tatu nakamataka watu hawa hawa, naambia namna ya kula: huyu rejime bila chumvi, huyu rejime bila sukari. Leo niwaulize rejime, ulifikiri wataniambia Mobutu?"

"Na weye haukushangaa?"

"Nilishangaa kidogo. Nikasema pengine njo masomo ya siku hizi."

Noella alijitupa ku mukeka, uso chini. Saa kumi ya jioni, siku ya ine. Kesho asubui, mesa ya CT Gracien. Mu nyumba ya pili fundi alikuwa anapima mikono ya kanzu ya koko yake wa baba, kitenge cha manjano, ndege za bluu.

Basi akafanya yenye unafikiri. Akakamata fishi tupu, akakamata bic, akasema mu roho yake: miye nasoma historia miaka yote hii, nitashindwa kutunga watu makumi ine? Akaanza. Mwanaume, miaka makumi sita na tano, wa Mulongwe, ako na watoto saba. Akamupa hata bibi wa ndoa na jina yake, juu ya utamu tu. Rejime yenye anachukia: ya Mobutu. Juu ya nini?

Bic ikasimama.

Juu ya... diktatire? Hakuna muzee wa Mulongwe mwenye anasema diktatire akiwa anakula. Juu ya kukosa demokrasi? Noella akakata. Juu ya "ukandamizaji"? Akajicheka mwenyewe. Umri aliweza kutunga, kartie aliweza, watoto saba aliweza. Ile "juu ya nini" njo ilikataa. Yenye alikuwa nayo yote ilikuwa ya mu kitabu, na ya mu kitabu ilikuwa inanuka kitabu.

Akarudilia fishi za wagonjwa, aone namna watu wanasemaka kweli, pengine ataiba sauti yao. Mukeke, sukari, bugali, bia, bugali tena. Kisha hii:

"Mwanamuke. Miaka makumi saba na moja. Rejime ya bila chumvi. Miaka miwili. Ku mulima, kule Bijombo."

Akaisoma tena.

"Mama mudogo, ni dokta gani anatumaka watu Bijombo miaka miwili juu ya tansio?"

Generose alikuya, akasoma juu ya bega yake.

"Ah, yule! Yule hana hata tansio. Ni Koko Itangishaka, wa nyuma ya kanisa. Alisindikiza tu mudogo wake. Wengine walikuwa wanalia juu ya chumvi, huyu miezi mitatu, huyu miezi ine, yeye akawacheka mpaka akakohoa. Akasema, munalia nini, watoto? Miye najua rejime ya bila chumvi. Akaniomba fishi yake naye."

Noella hakulala vizuri, na saa kumi na mbili ya asubui alikuwa mu lupango ya nyumba ya Koko Itangishaka. Mama muzee mufupi, kitambaa cha kichwa kimeinama upande, alikuwa anachambua majani ya lenga-lenga mu sinia.

"Karibu. Weye njo mwenye atadefandre kesho?"

"Ndiyo, koko. Ulisikia?"

"Nani hakusikia?"

Noella akakaa ku kiti kidogo, akatoa fishi, akataka kuanza na maneno ya heshima yenye alikuwa ametayarisha njiani. Koko akamupa fungu ya lenga-lenga.

"Mikono isikae bure. Uliza."

"Ile rejime ya bila chumvi, koko. Ilikuwa gani?"

"Vita ya Mulele, ile ya warebele kisha ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi. Tulipandaka ku mulima na papa na mama, mbuzi mbili, na radio yenye haisemi. Papa alisema radio ni ya maana, mbuzi moja tukaacha njiani, radio tukabeba." Alicheka. "Basi wa kwanza wakakuya, wakasema wametukomboa. Tukapiga mikono. Kisha wa pili wakakuya kutukomboa kwa wa kwanza. Tukapiga mikono tena, mikono ilikuwa imekwisha kuzoea. Lakini chumvi! Chumvi haikupanda ule mulima, hata na wa kwanza, hata na wa pili."

"Mulikuwa munakula nini?"

"Mama alikuwa anachoma maganda ya ndizi, anachuja majivu na maji. Yale maji njo anapikia sombe, majani ya muhogo. Unakula, ulimi unajua kama unaudanganya. Mudogo wangu alikataa. Alisema chakula imekufa." Alionyesha na kidole mwanamuke mwenye alikuwa anafagia ku mulango mwingine. "Huyu kule. Siku tulishuka, akaona chumvi ku soko, akalamba mpaka akatapika. Tangu ile siku anakulaka chumvi yake na ya majirani. Njo hii tansio. Waganga wanasema ni uzee. Ni Mulele!"

"Nasikia munanisema!" mudogo akapiga kelele kule mbali.

"Tunakusema vizuri!"

Noella alikuwa anaandika mpaka kidole kinamuuma. Kisha akakumbuka travay yake, na direkta wake, na kile kisanduku ku fishi chenye kinaomba jina ya rejime.

"Sasa koko, mu hawa, unachukia nani? Wa kwanza, ao wa pili?"

Koko akaacha majani. Hakukasirika, aliangalia Noella kama unaangalia mutoto mwenye amevaa nguo mbele nyuma.

"Watoto wa wa kwanza wanakaa pale, nyuma ya ule ukuta. Mujukuu wa wa pili njo ananiuzishaka makala ya kupikia, na ananiongezaka. Sasa weye unataka nifanye nini na jina? Nikupe jina, kisha nipike na nini?" Akarudilia lenga-lenga. "Uandike chumvi."

Akaandika chumvi.

"Na nyuma ya pale, koko?"

"Nyuma ya pale ilikuwa rejime ya kucheza. Mukubwa anatoka Kinshasa, wamama wote ku barabara, tucheze. Siku moja ndege yake ilikawia siku mbili. Tukacheza siku mbili! Hii goti haikupona. Kisha ikakuya rejime ya kukimbia, hiyo ilirudia mara mingi, siwezi kuihesabu."

"Na ya sasa?"

Koko Itangishaka akamaliza fungu yake yote mbele ya kujibu.

"Ya sasa, ukuye kuniuliza kisha miaka makumi tatu."

Saa ine kasoro dakika tano Noella alishuka ku pikipiki mbele ya institi, majani ya lenga-lenga ku sketi. Hakuwa na fishi makumi ine. Alikuwa na moja, na zile za wagonjwa. Njiani alikuwa amefikiri atazificha, lakini weye unamujua Noella: kitu chenye kiko mu kinywa chake hakikai. Akamuambia direkta yote. Muganga, benchi, mukeke wa kukaanga, ndizi zenye zimeoza.

CT Gracien alicheka mpaka sekretere akafungua mulango kuona. Kisha akasoma ya Koko Itangishaka, na kicheko ikaisha polepole, kama maji yenye inaingia mu muchanga.

"Hii ni fishi," akasema. "Lakini moja haifanye travay."

"Najua, Chef. Lakini nilikosea swali, Chef. Hata weye ulikosea, unisamehe. Tuliwauliza nani. Mutu akitaja nani, anafikiri nani atasikia. Ilikuwa tuwaulize nini. Ulikosa nini, wakati gani? Unipatie mpaka jioni. Ile milango makumi ine naijua yote, nitairudilia."

"Siku moja?"

"Chef, miye kuongea hainichokeshe."

Hiyo CT Gracien hakuweza kuikatalia. Akamupa mpaka saa kumi na moja.

Nyamianda bado inaongea ile siku ya tano. Noella alikuwa anaingia bila hodi ya kutosha, anatwanga kama wanatwanga, anashika mutoto kama kuna mutoto wa kushikwa, kisha anauliza: mama, wakati gani ulikosa nini? Na watu, wale wale wenye walimupatia Leopold kama unapatia mugeni kiti, wakaanza. Moja akasema rejime ya kulala na viatu. Mwingine rejime ya majina, mwaka wenye jina ya batizo ilikatazwa, na mama yake akawa anamuita kwa kumunong'oneza. Mwalimu wa jeografia akakata Hitler na mustari mbili, akaandika rejime ya kufundisha karte: kila mara inchi inageuka jina, yeye anachora upya, wanafunzi wanamucheka. Yule mwenye ameokoka aliomba Mungu amusamehe, kisha akajaza fishi mbele na nyuma.

Saa kumi na moja kasoro, fishi makumi ine na tatu ku mesa. CT Gracien alisoma kumi, akasema, "Badilisha kichwa cha travay usiku huu. Kesho saa tatu."

Siku ya posho sale ilikuwa manjano yote. Ndege za bluu mpaka ku madirisha. Noella alisema vizuri, mbio kidogo, na watu wakacheka kwenye hawakutakiwa kucheka, hata juri ikacheka. Lakini prezida wa juri alikuwa Profesa Sévère, muzee mwenye kravati imefungwa mpaka shingoni hata kukiwa joto ya namna gani, na yeye hakucheka. Alingojea wamalize kucheka.

"Mademoiselle. Miye nimefundisha historia miaka makumi tatu. Mu kitabu hakuna 'rejime ya bila chumvi'. Rejime iko na mukubwa, iko na bendera, iko na tarehe. Utaje jina. Walikuwa nani?"

Noella akaangalia watu. Aliona familia za nyuma ya ukuta, aliona muuzisha makala, wote na kitenge kimoja, juu mama yake alialika kartie muzima. CT Gracien alikuwa anaangalia karatasi zake kama mutu mwenye anaomba Mungu.

"Profesa, jina nalijua. Liko mu shapitre ya pili, na tarehe," Noella akasema, na mara moja ile sauti yake haikuwa mbio. "Lakini hapa swali ni watu wanachukia nini. Nikitaja wa kwanza, upande huu watanipigia mikono, na upande ule watatoka. Nikitaja wa pili, watabadilishana tu. Na tutaenda nyumbani tukiwa tumechukiana sisi kwa sisi, na huyu mama hajapata chumvi yake. Hakuniambia nani, Profesa. Alikataa. Aliniambia nini. Siwezi kuandika yenye hakusema, hata kama mutaninyima points."

Kulikuwa mutu nyuma mwenye alisema "mm!" peke yake, na nguvu.

Profesa Sévère akaandika kitu, akakipiga mustari chini.

"Mutoke. Juri inakaa."

Kwa kawaida juri inakaaka dakika kumi. Ikapita kumi, ikapita makumi mbili. Mama yake Noella alikuwa amefunga macho, midomo inatembea. Kwaya ilisimama ku mustari, hewa mu kifua. Mama mudogo Generose alikuwa ameweka sikio ku mulango, kama anasikiliza mapafu ya mugonjwa.

"Wanapigana," akasema.

"Juu yangu?"

"Sijui. Kuya usikilize."

Noella akaweka sikio naye.

"Mwaka walikataza kravati nilikuwa na miaka nane!" Ilikuwa sauti ya Profesa Sévère, lakini sauti yenye hakuna mwanafunzi aliisikiaka. "Ku mulango wa kanisa! Walikata kravati ya baba yangu na makasi, mbele ya watu wote, na yeye akacheka nao, akacheka, juu ilibidi acheke! Alitembea na kile kipande mpaka nyumbani!"

"Kravati, Profesa!" Huyo alikuwa CT Gracien. "Kravati ni kitambaa! Sisi walitufungia masomo mwaka muzima. Nilichunga mbuzi za mujomba, na wenzangu wengine hawakurudiaka darasani mpaka leo!"

"Usinipimie! Haukuona uso yake!"

"Wanasema nini juu ya points?" mama yake akauliza, macho ingali imefungwa.

"Nyamaza kwanza, mama," Noella akanong'ona. "Hawajafika kwa points."

Mulango ukafunguka ghafula, yeye na Generose wakaanguka ndani nusu. Profesa Sévère alisimama pale, macho mekundu, jasho ku paji, akajikumbuka, akakohoa.

"Mademoiselle Noella. Juri imekaa. Distinksio."

Vigelegele! Mama akaruka na kiatu kimoja, papa akakumbatia mutu mwenye hamujui, kwaya ikafungua kinywa kwa nota ya kwanza, na Profesa akainua mukono juu.

"Kwaya ingojee kidogo! Na weye, ingia, leta fishi tupu mbili. CT Gracien huyu anasema mwaka bila masomo inapita kravati ya baba yangu kwa uchungu, na mu juri yote hakuna mutu wa kuandika."